Likizo ya Watoto wa Dordrecht

Binti yangu Machteld alinipa kazi moja tu. Mumewe Twan alipewa mizigo. Mjukuu wangu Fenna, mwenye miaka kumi na mmoja, akapewa ratiba ya matembezi. Mdogo wake Sijmen, wa miaka saba, akapewa chakula cha njiani, maana yake tungefika Luxemburg tumeshiba chokoleti. Mimi nikapewa siku.

"Baba," aliniambia kwenye simu mwezi wa kumi na moja, "ni Alhamisi mpaka Jumapili ya likizo ya Februari. Kata tiketi za treni, tafuta nyumba ya kupanga yenye vitanda vya watoto. Usifanye kingine chochote."

Hilo la mwisho alilisema kwa sababu ananijua. Nimezaliwa kwenye tishali la kubeba mchanga mtoni, na hata baada ya kuuza tishali sikukaa. Nimepita miji mingi ya bara hili, na karibu yote nimeipita bila yeye. Siku zake za kuzaliwa nilizozikosa ni nyingi kuliko nilizohudhuria. Kwa hiyo aliponialika safari, tena akanipa na kazi, nilijua nimepewa kitu gani. Nikiharibu, hakutakuwa na simu ya pili. Machteld hagombi wala hanuni. Anaacha tu kukuuliza.

Nikaifanya kazi yangu siku ile ile. Shida yangu ni kwamba likizo za shule sikuwahi kuzijua. Sisi watoto wa matishali tulisoma vipande vipande: mchanga ukipakuliwa unakwenda shule, ukipakiwa unaondoka, na kila bandari ina mwalimu anayekuanzishia hesabu upya. Basi nikashuka ghorofa ya pili kwa Bibi Aleida, ambaye wajukuu wake wanasoma hapa hapa Dordrecht, nikamwuliza likizo ya Februari inaanguka lini. Akavaa miwani, akaifunua kalenda yake, akanitajia tarehe bila kusita. Nikamshukuru, nikapanda juu, nikakata tiketi tano na nyumba ya usiku tatu, kwa bei ya chini kabisa, kwa sharti kwamba hakibadilishwi kitu na hairudishwi senti. Kwetu bei ya chini haiulizwi maswali.

Nikampigia Machteld. Nikamwambia tayari. Akauliza kama siku zimekaa sawa, nikasema sawa kabisa, Alhamisi mpaka Jumapili. Hakuna kati yetu aliyetaja tarehe. Baadaye sana Twan alinidokeza kwamba mkewe aliandika ujumbe wa kuniuliza tarehe, akaufuta, akauandika tena, akaufuta tena.

Kikao cha familia kilikuwa Jumapili moja katikati ya Januari, nyumbani kwao Breda. Nasema kikao kwa sababu hapa kwetu hata paka haingii nyumbani bila kikao. Walihamia Breda kiangazi kilichopita, kwao Twan, upande wa pili wa mito mikubwa. Kutoka kwangu ni mwendo mfupi tu wa treni, unavuka daraja refu na umefika. Saa nne na nusu kahawa ikamiminwa, kopo la biskuti likapita, kila mtu moja, kifuniko kikarudi. Machteld alikuwa mwenyekiti.

Fenna alikuwa ametengeneza bango la urefu wa meza. Siku nne kwa rangi nne, na kila saa imeandikwa shughuli yake. Akatusomea kama waziri anayesoma bajeti. Kuna mahandaki yaliyochongwa ndani ya jabali, humo tutakuwa Ijumaa asubuhi kabla ya umati. Kuna lifti ya vioo inayoshuka kwenye korongo. Tramu na mabasi ya kule ni bure, hulipi wewe wala mgeni wala bepari. Hapo Twan akamkatisha kuuliza kama ni kweli. Fenna akasema ni kweli. Twan akauliza mara ya pili, halafu akaegemea kiti na kufumba macho, mtu aliyeonjeshwa pepo.

Sijmen alitaka kitu kimoja tu, lifti, mara sabini. Alishapiga hesabu: ukiacha kulala na kula, inawezekana. Likawa suala la kura. Tukaanza na sabini, tukashuka ishirini, Twan akapendekeza mbili, Sijmen akatishia kujitoa kwenye safari pamoja na chakula cha njiani, na mwisho mikono yote mitano ikapanda juu kwa lifti mara nne. Hata wangu.

"Afadhali tunaondoka Alhamisi," Twan akasema. "Jumapili mpaka Jumanne nipo kwenye karnivali, na Jumatano bado nitakuwa na rangi masikioni."

Nikamwuliza karnivali ni lini mwaka huu, kwa heshima tu, maana hiyo sherehe yao ya kuvaa vinyago na kucheza barabarani, kwetu kaskazini mwa mito haituhusu.

"Mzee, ni wiki hiyo hiyo ya likizo," akasema. "Kwani huku likizo inawekwa kwa sababu gani nyingine?"

Wakati huo Fenna alikuwa anaandika kichwa cha bango kwa kalamu nene. Alhamisi, tarehe kumi na tano Februari. Tiketi zangu, ambazo zilikuwa mfukoni mwa koti zimekunjwa vizuri ndani ya bahasha, zilisema ishirini na mbili.

Ninyi mnaoishi kwenye nchi kubwa hamtanielewa. Nchi yetu unaivuka kwa baiskeli kwa siku mbili tatu, lakini kwa ajili ya likizo imekatwa vipande vitatu, ili wote tusiingie barabarani siku moja. Kaskazini wana wiki yao, katikati tuna yetu, kusini wana ya kwao inayofuata karnivali. Miaka mingine zinaangukia pamoja. Mwaka huo hazikuangukia. Bibi Aleida hakunidanganya hata kidogo. Alinipa likizo ya wajukuu wake.

"Baba, karatasi umekuja nazo?" Machteld akauliza. "Tuzibandike kwenye friji."

Nikasema nimezisahau kwenye koti jingine.

"Babu ana koti moja," Sijmen akasema.

Machteld aliniangalia kitambo, halafu akafunga kikao, akasema basi utazileta.

Usinicheke. Nilijiambia nitalirekebisha mwenyewe kabla yeye hajajua, kisha nitazileta karatasi zikiwa na tarehe iliyonyooka. Nikiwa kwenye treni ya kurudi nikampigia mwenye nyumba kule Luxemburg, mama mmoja mpole anaitwa Bi Josette, nikamwomba anisogezee wiki moja nyuma. Akasikitika. Wiki hiyo imeshachukuliwa na familia kutoka Tilburg. Watu wa kusini, kwa vyovyote. Wao kalenda yao walikuwa wanaijua.

Basi kama nyumba haisogei, wasogee watoto. Jumatatu asubuhi nikarudi Breda, nikaenda shuleni kwao kuonana na mwalimu mkuu, Bi Ludwine. Akaniuliza kama nina miadi. Nikasema sina. Akanitazama jinsi watu wa hapa wanavyomtazama mtu aliyekuja bila miadi, yaani kama aliyekuja bila suruali, lakini akanipa dakika kumi na kahawa na biskuti moja.

Nikamwomba siku mbili tu, Alhamisi na Ijumaa, kwa watoto wawili. Akasema sheria ni sheria, mtoto haondolewi darasani kwa sababu babu amekata tiketi. Ila ipo orodha ya sababu zinazokubalika. Akaitoa kwenye droo. Msiba. Ugonjwa mzito wa mzazi. Harusi ya ndugu wa karibu. Jubilei ya ndoa ya babu na bibi, miaka kumi na miwili na nusu, ishirini na mitano, arobaini, hamsini au sitini.

"Wewe na mkeo mna miaka mingapi?" akaniuliza.

"Mwaka huu tungefikisha hamsini," nikasema. "Lakini aliniacha mwaka wa tisa."

"Pole sana. Tisa haimo."

"Na hiyo harusi, inaweza kuwa ya babu?"

"Babu gani?"

"Huyu."

Akashusha miwani. "Bibi harusi yupo?"

"Nina wiki tano za kumtafuta."

Hapo alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Alipomaliza akaniambia, kabla sijalifikiria, kwamba watoto wawili wa nyumba moja wakiugua ghafla Alhamisi moja, huwa kuna afisa anayepiga simu kuwatakia afya njema, na simu yenyewe hupigwa nyumbani. Nikasema sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimelifikiria tangu darajani.

"Mzee, mama yao anajua kama uko hapa?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi umeanza na mtu asiye sahihi," akasema, akasimama, na dakika kumi zilikuwa zimekwisha kweli.

Nikasimama nje ya lango la shule. Mbele yangu palikuwa na njia mbili. Moja ilikwenda stesheni, na stesheni, kwangu mimi, ni kama baa kwa mlevi. Ningeweza kupanda chochote. Nikishuka mji wowote naandika barua fupi: pole, nimekosea, nyumba ipo wiki nyingine, fanyeni mtakavyo. Nimewahi kuandika barua za namna hiyo. Ni rahisi, ukishazoea hata kalamu haitikisiki.

Njia ya pili ilikwenda kliniki anakofanya kazi Machteld. Kazi yake ni kunyoosha watu migongo na magoti. Lakini huwezi kumwingilia mtu kazini, na nyumbani jioni watoto wapo. Nikapiga simu pale kliniki, nikamwambia msichana wa mapokezi goti linanisumbua. Kwa bahati mgonjwa wa saa nane alikuwa amejitoa. Nikaandikiwa dakika ishirini na tano. Ndivyo nilivyopata miadi na mwanangu.

Alipofungua mlango na kunikuta nimekaa kwenye kitanda cha wagonjwa, nimekunja mguu wa suruali, hakuonyesha mshangao. Akanawa mikono.

"Goti lipi?"

"La kulia. Lakini si goti."

"Lala," akasema, akalishika goti, akaanza kulikunja na kulinyoosha. Goti lenyewe, kusema kweli, lilikuwa linauma. Nikatazama dari.

"Machteld, nimekosea wiki."

Mikono ikasimama.

"Nimechukua likizo ya watoto wa Dordrecht. Haibadilishwi. Mwenye nyumba nimempigia, shuleni nimekwenda."

"Umekwenda shuleni?"

"Nimetoka huko. Wangenipa siku kama ningekuwa bado na mama yako."

Hilo halikumchekesha. Akaanza tena kukunja goti, safari hii mbali zaidi.

"Nilitaka kukuuliza tarehe," akasema polepole. "Nikajizuia. Nikajiambia mwache, ni mtu mzima, ana miaka sabini na minne, kalenda anajua kuisoma."

"Niliisoma vizuri. Ilikuwa ya mtu mwingine."

"Ulijua lini?"

"Jana. Fenna alipoandika tarehe."

"Na karatasi?"

"Zilikuwa mfukoni."

"Nilijua. Hilo koti unalo tangu niko sekondari." Akaliweka goti chini, akakaa kwenye kigoda chake cha magurudumu. "Wiki ningekusamehe kabla ya kula, Baba. Mtu yeyote anakosea wiki. Lakini ulikaa pale mezani ukijua, ukamwangalia yule mtoto anavyoandika, na ukanyamaza. Hicho ndicho ninachokijua mimi. Hicho nimekijua tangu mdogo."

Kwa mara ya kwanza sikutafuta kisingizio. Akatazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili, na yeye si mtu wa kupoteza dakika za mgonjwa, akalishika goti la kushoto nalo.

"Saa kumi na mbili tunakula," akasema. "Utawaambia watoto mwenyewe. Mimi sitakusaidia hata neno."

Tulikula viazi vya kuponda na sukumawiki na soseji, chakula cha baridi kama ile. Machteld hakusema neno, kama alivyoahidi. Twan alikuwa ameshaambiwa, nilijua kwa jinsi alivyoitazama soseji yake kwa makini. Nikaweka uma chini, nikawaambia wajukuu zangu yote, tiketi na Bibi Aleida na koti. Koti nililitaja la kwanza, ili lisibaki.

Sijmen akauliza, "Kwa hiyo lifti hakuna?"

"Sijui, mjukuu wangu."

"Nilisema ana koti moja," akamwambia dada yake, na midomo ikaanza kumtetemeka.

Fenna hakulia. Aliondoka mezani, jambo ambalo haliruhusiwi, akarudi na bango na mkasi. Alilitandaza sakafuni, akapiga magoti, akaikata Alhamisi yote, kijani kibichi kizima. Kisha akaikata Ijumaa katikati. Akasogea nyuma akatazama kilichobaki.

"Ijumaa tunatoka shule saa sita," akasema. "Kuna treni saa saba kasoro. Saa kumi na mbili jioni tumefika. Jumamosi ipo nzima, Jumapili ipo mpaka saa nane, na treni ya kurudi ni ile ile ya Babu. Mahandaki yanahamia Jumamosi. Makumbusho ya benki yanafutwa."

"Yale nilitaka mimi," Twan akasema.

"Yanafutwa, Papa."

Tukainama wote juu ya bango. Iliwezekana kweli. Tiketi nne za kwenda tu ndizo zingehitajika upya, na hizo nilisema ni zangu kabla mtu hajafungua mdomo. Lilibaki jambo moja, na Twan ndiye aliyeligundua akisoma karatasi za Bi Josette. Ufunguo anaukabidhi yeye mwenyewe, mkononi, Alhamisi kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Ijumaa anasafiri kwenda kwa dada yake. Asiyefika Alhamisi hana nyumba.

Wakanitazama. Tiketi ya Alhamisi nilikuwa nayo, na afisa wa shule hanidai mahudhurio.

"Akienda peke yake Alhamisi," Twan akasema, "Ijumaa mwenye bahati ndiye atakayemkuta Strasbourg."

Alisema kwa utani. Twan ni mtu wa kusini, utani kwao ni chumvi. Lakini hakuna aliyecheka, na Machteld alikuwa ananitazama mimi, si yeye.

"Ni kweli," akasema. "Tutashuka stesheni saa kumi na mbili na watoto wawili na mabegi, mwezi wa pili, kwenye mji ambao hatumjui mtu. Kama haupo, Baba, hatuna pa kulala."

"Nitakuwepo."

"Umewahi kulisema hilo."

"Nimelisema mara nyingi," nikakubali.

Fenna, ambaye ukimya humwudhi kama saa iliyosimama, akasema basi lipigiwe kura. Na Sijmen, machozi bado mashavuni, akasema yeye atapiga kura ya ndiyo kwa masharti. La kwanza, Babu asiiguse lifti mpaka yeye afike. La pili, Papa ana karoti iliyokosa mtu.

Hapo Twan akakaa wima. Kundi lake la karnivali mwaka huo lilikuwa limejenga sufuria ya supu juu ya trela, kubwa kama chumba, na watu waliovaa kama mboga wanatembea nyuma yake barabarani. Karoti ilikuwa imevunjika mkono kwenye barafu.

"Mimi siendi karnivali," nikasema. "Sisi wa kule ng'ambo tunalelewa kuamini huo ni ugonjwa wa majirani."

"Basi kura yangu ni hapana," Sijmen akasema, akakunja mikono.

Nikakubali karoti. Mkono wa Sijmen ukapanda, wa Fenna, wa Twan. Machteld alikusanya sahani kwanza, akazipeleka jikoni, tukasikia maji yakifunguliwa na kufungwa. Aliporudi mlangoni, mkono mmoja wenye povu, akauinua mpaka usawa wa bega, si zaidi.

Karnivali sitaisimulia sana. Saa nne nzima nimepita mitaa ya Breda nimevaa sponji ya rangi ya machungwa toka kisogoni hadi magotini, majani ya kijani kichwani, nyuma ya sufuria inayotoa moshi, na tarumbeta zinalia kama zimelipwa kwa makelele. Vitunguu viwili vilinishika mikono nisiteleze. Watu wazima nisiowajua waliniita Karoti kwa heshima zote. Ukinibana sana nitakiri kwamba kona ya pili nilianza kucheza, na Sijmen aliyekuwa juu ya sufuria na mwiko wake aliona. Likizo yao ikapita hivyo, na wiki iliyofuata shule zikafunguliwa kusini na kufungwa kwetu, na mimi nikaondoka.

Alhamisi ile ilikuwa rahisi. Nilifika saa tisa na robo, Bi Josette akanipa ufunguo mkononi, akanionyesha bomba linalovuja na dirisha lisilofungwa kwa nguvu, akaenda zake. Nikatandika vitanda, pamoja na dabodeka ya watoto. Nikapika yai. Nikaosha sahani moja.

Ijumaa ndiyo iliyokuwa ndefu. Saa tatu asubuhi nilikuwa nimeshanunua mkate na jibini na maziwa. Saa nne nilikuwa nimekwenda mpaka mwisho wa tramu na kurudi, kwa kuwa ni bure. Nikafika pale ilipo lifti ya vioo, watu wanaingia na kutoka, nikaitazama kwa mbali mikono nyuma kama mtu aliye mnadani bila fedha. Saa saba nilikuwa stesheni. Nilijiambia naangalia tu njia watakayotokea. Lakini ubao wa treni ulikuwa juu pale, na ubao wa treni husoma moyo wangu kuliko mchungaji. Ile ya Strasbourg ilikuwa inaondoka baada ya dakika ishirini, mwendo wa saa moja na nusu. Namjua mzee mmoja kule, tulikuwa pamoja mtoni, ana baa karibu na mfereji. Kwenda, kahawa moja, kurudi. Saa kumi na moja ningekuwa hapa tena, na mtu yeyote asingejua.

Nikazipiga hesabu zile dakika mara tatu na mara zote zilitosha. Safari zangu zote nilizochelewa nazo, hesabu zilikuwa zimetosha.

Nikakaa kwenye benchi. Treni ikaja, ikafungua milango, ikafunga, ikaenda. Nikabaki na mikono magotini. Mama mmoja mwenye mbwa akaniuliza kama najisikia vizuri, nikamwambia nasubiri watu. Akauliza wanafika saa ngapi, nikasema saa kumi na mbili. Akatazama saa yake, halafu akanitazama mimi, akanipa peremende.

Saa tisa Machteld akaandika ujumbe kwamba treni yao imekwama kabla ya Brussels na wameikosa ya kuunganisha. Watachelewa saa nzima, labda zaidi. Baba, usikae stesheni, kuna baridi, kaa nyumbani tutaipata wenyewe, tupe tu anwani. Nikamwandikia anwani. Sikuondoka, ila sikumwambia.

Walishuka saa moja na dakika kumi, behewa la mwisho kabisa, kwa hiyo niliwaona watu wote wa treni ile wakipita kabla yao. Twan mbele na mabegi matatu, Fenna na bango lililokunjwa kwapani, Sijmen amelala kwenye bega la mama yake na mdomo una chokoleti mpaka sikioni. Machteld alikuwa anatazama chini, anasoma ile anwani kwenye simu. Alipoinua macho nilikuwa hatua tatu mbele yake.

Akanihamishia mtoto, naye Sijmen akafumbua jicho moja.

"Umepanda?" akaniuliza.

"Sijagusa hata kitufe."

Akafumba tena. Tukaanza kutembea kuelekea tramu, mimi na mzigo wangu wa kilo ishirini na tano na goti langu, Machteld ubavuni anajinyoosha bega. Pua yangu ilikuwa nyekundu, na najua aliiona, kwa sababu alivua skafu yake akanifunga mimi, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Likizo ya Mei tunafikiria Copenhagen," akasema, macho mbele. "Tiketi utakata wewe."

"Mimi?"

"Nitakutumia tarehe. Kwa maandishi, Baba. Na ukishuka kwa Bibi Aleida, msalimie tu."